Kabla ya Chai

Mazabodi ilitoka ofisi moja ya Tukuyu,
iliuzwa kwa kilo pamoja na makabati.
Prosesa ni ya Mwanjelwa, ilifungwa kwenye gazeti,
muuzaji akaniapia kwa mama yake, ambaye simjui.
Ramu mbili: ya kijani nimeitoa Tunduma,
ya buluu ilikuwa ya Ambokile
kabla hajahamia Vwawa akaacha deni.
Saplai imeandikwa wati mia nne.
Imeandikwa.
Gunia nalo huandikwa kilo mia.

Kesi haikuwa na ubavu, nikauziba kwa bati la debe.
Feni nikaifunga kwa kamba ya katani.
Ikawaka!
Subilaga akapiga kigelegele kimoja, kifupi, cha kejeli,
akarudi jikoni.

Kazi yake ni moja, viazi vya chama chetu hapa Isongole:
nani kaleta, magunia mangapi, nani kafunga lumbesa.
Nikafika jina la sitini na tatu,
Lugano Mwasomola, magunia kumi na man—
kioo buluu.
Maandishi meupe ya Kiingereza yakaniomba radhi
kwa kosa wasilolitaja.

Nikamtoa wa Tunduma. Ikazima.
Nikamrudisha, nikamtoa wa Ambokile. Ikazima.
(Nilikuwa nimeshamtukana Ambokile, kwa sauti.)
Nikasugua meno ya ramu kwa ufutio wa mtoto,
nikapuliza vumbi mpaka nikapiga chafya tisa,
nikabadili waya, tundu, meza.
Ikazima.

Shemeji Asajile akasema kwenye simu, kutoka Tabata:
"Joto hilo. Ongeza feni."
Mimi nimevaa makoti mawili na soksi za sufu,
nje jalidi imelala juu ya majani ya viazi,
Mporoto wote umemezwa na ukungu.
Nikasema sawa, shemeji. Nikaongeza feni.
Ikawa inazima mapema zaidi.

Nikaanza kuandika vifo vyake kwenye daftari.
Jumatatu, saa kumi na mbili na robo.
Jumanne, kumi na mbili na nusu.
Jumatano nilikwenda kupalilia, nikaiwasha saa saba mchana,
ikafanya kazi hadi usiku, nikadhani imepona.
Alhamisi, kumi na mbili na dakika ishirini.
Nikaikodolea macho safu ile, nisione kitu.

Subilaga akaweka kikombe juu ya daftari, akasoma, akasema:
"Kwani wewe mwenyewe, kabla ya chai,
huwa unajua unaitwa nani?"

Nilicheka.
Kisha nikaacha kucheka.

Nikafungua saplai. Waya nilikuwa nimeuchomoa tangu jana,
maana umeme hubaki humo ndani ukikuvizia.
Kapasita tatu, vichwa vimevimba kama maandazi,
mojawapo imetoa ute wa kahawia, umekauka.
Zikipoa hazishiki kitu.
Zikipata moto zinajikongoja, zinabeba.
Zimezeeka tu,
zinangoja jua la saa nne ndipo magoti yakubali.

Nikanyofoa nyingine kwenye deki mbovu ya mchungaji,
volti zilezile, nikahakikisha mara mbili,
msumari wa kulehemia nikaupasha kwenye jiko la mkaa
pembeni ya sufuria ya uji.
Subilaga akasogeza uji. Hakusema neno.

Leo alfajiri, giza bado, nimepita sitini na tatu.
Nimepita mia. Nimefika mwisho,
na jumla imetulia kwenye kioo bila kutetereka:
pungufu, magunia matatu.
Nimehesabu tena. Matatu.
Wiki mbili nimekuwa nikiwaambia watu ni mashine.

Feni ya Asajile nimeichomoa, sijamwambia.
Nimekunywa chai, nimengoja vidole vipate moto,
kisha nimeanza upya, kwa utaratibu uleule:
namtoa mmoja, natazama, namrudisha,
namtoa mwingine.
Mzani. Kuli. Lugano. Daftari.
Na mimi nimo.